Turubai Chini ya Bustani ya Mvua

Ijumaa, 1 Machi 1996

Nimeshindwa uchaguzi. Kura thelathini na moja dhidi ya moja. Hiyo moja ni yangu. Nilinyoosha mikono yote miwili lakini wamehesabu mmoja. Wizi mtupu!

Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani ya Mvua ya Makandana ni Mwalimu Meshaki. Mstaafu. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mpaka leo anaongea na watu wazima kana kwamba tuko darasa la tatu. Mke wangu Atupokile naye amempigia kura. Nimemuuliza nyumbani kwa nini. Akasema anataka bustani ifanye kazi. Sijaelewa jibu hilo linahusiana vipi na swali.

Niandike hapa bustani yenyewe ni nini. Mvua ikinyesha Tukuyu (na ni lini hainyeshi?), maji ya sokoni na stendi yanashuka huku kwetu na matope, oili na maganda ya ndizi, yanaingia kwenye chemchemi tunayochota. Masika iliyopita binti yetu Happyness aliumwa tumbo wiki tatu. Sasa kuna mradi kutoka Mbeya na mhandisi wake, Bi Felista, msichana wa buti za mpira na maelezo mengi. Tumechimba shimo pana chini ya soko. Ndani tutaweka kokoto, mchanga na udongo, juu tutapanda matete na magimbi. Maji yataingia machafu, yatazama polepole, yatatokea chemchemini yamechujwa. Baada ya siku moja shimo liwe kavu. Alituambia: “Maji yakituama siku tatu, bustani imekufa.”

Nimetafakari sana. Shimo la hatua ishirini kwa kumi. Maji ya bure kutoka mbinguni. Halafu tunayaacha yapotee ardhini! Ndiyo maana nchi haiendelei.

Jumamosi, 2 Machi

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

SAMAKI.

Shimo likishika maji ni bwawa. Bwawa likiwa na perege ni mradi. Mradi ukiwa na mtu mmoja anayeuelewa, mtu huyo ni Mkurugenzi. Mwenyekiti ni nini mbele ya Mkurugenzi?

Zama zimebadilika. Tangu nipunguzwe kazi ya utunza ghala nimesikia kila siku redioni: soko huria, jitegemee, ruksa. Nimejaribu. Sikubahatika. Lile robota la mitumba halikuwa kosa langu. Nani angejua kwamba ndani ni nguo za kuogelea tupu? Tena nililifungua Julai, watu wote wa Tukuyu wakiwa wamevaa makoti mawili mawili.

Tatizo ni moja. Shimo linavuja, kwa makusudi, kwa ushauri wa mtaalamu. Linahitaji kitu kipana kisichopitisha maji, cha kutandika chini. Nimewaza mchana kutwa. Jioni nimeingia stoo kutafuta jembe nikajikwaa kwenye jibu.

Turubai la chama cha kuzikana! Mimi ndiye Mtunza Vifaa. Turubai kubwa, la kijani, halipitishi tone. Linakaa tu stoo likisubiri mtu afe. Na hakuna mgonjwa mtaani, nimepita nyumba kwa nyumba kujulia hali. Watu wameshangazwa na upendo wangu.

Jumapili, 3 Machi

Nimemwambia Atupokile kichwa kinaniuma, siendi kanisani. Walipoanza wimbo wa pili nilikuwa shimoni. Walipofika kwenye matangazo nilikuwa nimeshatandika turubai lote na kulifukia kwa udongo wa unene wa kiganja. Nimelisikia kanisa zima likisema Amina. Nimeichukulia kama baraka.

Jumatatu, 4 Machi

Msaragambo. Watu sitini, makoleo, ngoma. Wamemwaga kokoto, wakamwaga mchanga, wakamwaga udongo, wakapanda matete na magimbi. Juu ya turubai langu! Kwa mikono yao! Mimi nimesimama pembeni nikiwatia moyo. Mwalimu Meshaki akaniuliza kama nimekuja kutazama au kufanya kazi. Nikamjibu kwamba kazi nyingine haionekani kwa macho. Akaniandika kwenye daftari lake kama mtoro.

Bi Felista amesifia kazi. Anarudi Mbeya, atakuja tena mwisho wa mwezi kuona matokeo.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya siku tatu. Bwawa limejaa! Zuri kupita kiasi! Magimbi yanaelea kama boti.

Mwalimu Meshaki yuko ukingoni tangu asubuhi na fimbo aliyoichora sentimita. Anapima, anaandika, anafuta. Nilipopita akaniambia maji hayajashuka hata nukta moja. Nikasema pole. Nikasema labda kuna mahali amekosea kuzidisha. Uso wake ulibadilika. Sikujua neno dogo hivyo linaweza kumwingia mtu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekwenda kwa miguu mpaka bwawa la misheni. Mlinzi wake hakutaka fedha. Amenipa vifaranga sitini vya perege kwa nguo mbili za kuogelea, nyekundu na ya madoa. Anasema atazivaa ndani ya koti, baridi imezidi. Hatimaye nguo zile zimepata mtu!

Nimerudi na ndoo kichwani. Wamefika hai arobaini na saba. Nimewamwaga saa sita mchana watu wakiwa wanakula. Jina la kampuni: Jotham na Samaki.

Jumapili, 10 Machi

Janga.

Bi Kuruthumu, mwenye mgahawa wa chapati pale chini ya soko, ana bata wanne. Leo nimewakuta bwawani. Wanazama kichwa, wanatikisa mkia, wanaibuka wanameza. Wanazama tena!

Nimekwenda kumweleza kwa utaratibu kwamba bata hawaruhusiwi kwenye bustani ya umma. Akaendelea kusukuma chapati. Akauliza kwa sheria ipi. Nikasema ya mazingira. Akasema: “Baba Happyness, bata wangu tangu wazaliwe wanaogelea kwenye mtaro wa stendi. Leo Mungu kawapa ziwa, wewe unaona wivu?” Wateja wakacheka. Nimekula chapati mbili ili nisionekane nimekwenda kwa ajili ya ugomvi.

Jumanne, 12 Machi

Nimeweka kibao. Maandishi mekundu:

HATARI! MAJI YA KITAALAMU. USIGUSE.

Bata hawasomi. Lakini angalau mwenye bata anasoma.

Alhamisi, 14 Machi

Kibao kimeleta balaa. Watu wanakuja na chupa! Neno “kitaalamu” limewaingia vibaya. Mama mmoja wa sokoni amejipaka goti na leo anasema anapanda kilima cha hospitali bila fimbo. Asubuhi nimehesabu watu kumi na wanne kwenye foleni, mmoja katoka Ikuti. Nimewaambia maji hayo ni machafu. Wakaninong'onea kwamba wanajua, ndiyo maana kibao kinasema usiguse. Dawa kali zote zinafichwa.

Mbu ni wengi mno. Vyura wanaanza saa kumi na moja jioni, wote kwa pamoja, kama kwaya isiyo na mwalimu.

Nyumbani si kuzuri. Bustani imejaa, kwa hiyo maji yanayoshuka sokoni yanapita juu ya tuta na kwenda chemchemini moja kwa moja, kwa kasi kuliko zamani. Atupokile kaniwekea ndoo mbele ya miguu. Maji rangi ya chai ya maziwa. Juu yake nyoya la bata. Nikasema yachemshwe. Akasema amechemsha, na nyoya lenyewe limechemshwa.

Happyness ameacha chakula. Anasema tumbo linanguruma. Nimempa uji. Nimeketi naye mpaka akalala mchana, sikuwa na hamu ya kuandika, lakini nimeandika.

Jumamosi, 16 Machi

Mkutano wa kamati, mimi nimehudhuria kama mwananchi. Mwalimu Meshaki alisimama na daftari. Alisema amerudia hesabu zote mara nne: upana, urefu, kina, kasi ya maji kuzama. Hajui alipokosea. Alisema kama kuna mtu aliyeumwa tumbo mtaani kwa ajili yake, anaomba radhi, na Bi Felista akija atajiuzulu.

Nilimhurumia dakika nzima. Nikafikiria kusimama na kusema. Nikasimama. Wote wakanigeukia. Nikapendekeza kwamba akijiuzulu, mimi niko tayari.

Nilizomewa.

Jumatatu, 18 Machi

Mzee Ackson amefariki. Mzee wa kanisa, miaka tisini na moja, kalala usingizini salama. Alikuwa hata haumwi! Nilipita kwake tarehe mbili, akanionyesha anavyochuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Sasa mtu amwamini nani?

Mvua haikatiki. Nyumba ya msiba ni ndogo, watu mia mbili wako nje, wamejifunika majani ya migomba. Saa tano wakaniita. Mwalimu Meshaki, ambaye pia ni katibu wa chama cha kuzikana (mtu huyu hachoki?), akasema: “Jotham, lete turubai.”

Nikasema liko Kiwira kwa fundi. Lilikuwa na tundu. Nimelipeleka kwa hiari yangu.

Akauliza fundi gani. Nikasema fundi Asegelile. Jina limetoka lenyewe! Akaliandika daftarini. Akasema asubuhi atakwenda Kiwira mwenyewe kulichukua, maana huyu marehemu alimbatiza... hapana, alimsimamia ubatizo, na hawezi kumwacha alowe siku yake ya mwisho.

Nimemwambia Atupokile nina homa. Akanishika paji la uso. Akasema homa haipo, ila kuna kitu.

Jumanne, 19 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi Mwalimu kapanda basi la Kiwira na mwavuli wake. Nami nikaenda bustanini na jembe. Nikachimba kwenye tuta la chini, nikaipata kona ya turubai. Nikavuta. Nikavuta tena. Juu yake kuna kokoto, mchanga, udongo na maji ya wiki mbili. Afadhali ningevuta Mlima Rungwe.

Saa tatu akapita Zebedayo, dereva wa lori la majani ya chai. Tunafahamiana, tuliwahi kupunguzwa kazi siku moja. Nikamwambia naomba anivutie kitu kidogo. Hakuuliza. Tukafunga kona mbili kwa kamba ya katani nyuma ya lori. Akatia gea.

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha ardhi ikatoa sauti kama ng'ombe anayenasua mguu kwenye tope. Kisha tuta likakatika na bustani ikatoka.

Yote! Turubai na kila kilichokuwa juu yake! Maji yalitangulia, matope yakafuata, na katikati bustani yenyewe ikiteleza barabarani nyuma ya lori, magimbi yamesimama wima, matete yanapunga, bata wanne wamekaa juu kama wageni waalikwa. Nami nakimbia nyuma na kibao changu mkononi. Nikapiga kelele simama! Zebedayo akachungulia dirishani akapiga kelele kwamba angependa sana kusimama, ila breki na utelezi havijaelewana. Barabara ile inateremka. Inapita mlangoni kwa marehemu Mzee Ackson.

Lori lilisimama hapo hapo. Mlangoni. Akina mama walikuwa katikati ya wimbo, wakanyamaza. Watu mia mbili walinitazama. Bata wakashuka, mmoja mmoja, wakaingia msibani.

“Bata wangu!” Bi Kuruthumu aliinuka kwenye masufuria.

“Turubai letu!” mwingine akasema.

“Gwe Jotham!” wakasema wote.

Mjane wa marehemu haoni vizuri tena. Alitoka akishikwa mkono, akainama, akapapasa matope, akainua kifaranga kimoja cha perege kinachorukaruka. Akasema: “Ndaga, tata, asante baba. Umeleta na dagaa.”

Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Walikusanywa ishirini na watatu, ukubwa wa kidole, wakaoshwa, wakakaangwa. Bi Kuruthumu aliwakaanga mwenyewe bila kuniangalia.

Saa sita Mwalimu Meshaki akarudi kutoka Kiwira. Hakuwa peke yake. Kumbe fundi Asegelile yupo kweli! Anashona viatu. Mwalimu alimsumbua saa nzima akimdai turubai, mwisho yule bwana akaamua aje mwenyewe kuapa mbele ya marehemu kwamba hajawahi kuliona. Akafika, akaliona, akaapa.

Mwalimu alilitazama turubai. Akatazama juu ya barabara, kule lilikotoka. Nilimwona akizidisha kichwani. Midomo ilimchezacheza. Kisha akasema polepole, si kwa hasira: “Basi hesabu zangu zilikuwa sahihi.” Akatoa miwani akaifuta, ingawa mvua ilikuwa inanyesha juu yake.

Ningependelea anipige.

Jumatano, 20 Machi

Mazishi. Turubai limeoshwa, lakini kona moja imechanika na haishiki kamba. Chama kimeamua nguzo ya kona hiyo niwe mimi. Nimesimama saa nne mikono juu, maji yakiniingia kwenye mikono ya shati na kutokea miguuni. Mahubiri yalikuwa marefu. Mchungaji alizungumzia watu wanaofukia mambo. Nadhani ni bahati mbaya tu.

Fundi Asegelile alikaa mstari wa mbele. Ameshona viatu vya nusu ya waombolezaji.

Atupokile alikuja kunilisha ndizi maana mikono ilikuwa na kazi. Ya tatu alipomaliza kuimenya akaila mwenyewe.

Jumatatu, 25 Machi

Nimevuliwa Utunza Vifaa. Mwalimu Meshaki aliulizwa nipewe adhabu gani, akasema nijenge upya bustani na yeye atanisimamia. Siku tano nimebeba kokoto kutoka barabarani, ndoo kwa ndoo. Mwalimu ananihesabisha kwa sauti. Nikiruka namba ananirudisha. Jana nimegundua alikuwa amebeba ndoo kumi na mbili zake bila kuziandika popote. Watu wengine wamejiunga pia, hata Bi Kuruthumu kaleta chai. Ya kwangu alinipa ya mwisho, lakini ilikuwa na sukari.

Jumatano, 27 Machi

Bi Felista amekuja. Wamemweleza yote. Aliketi kwenye jiwe, akajifunika uso kwa mikono, mabega yakitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Alisema amesoma matatizo mengi ya bustani za mvua, hili hakulikuta.

Saa nane mvua imeshuka kama imemwagwa kwa karai. Sote tulisimama pale chini ya miavuli. Maji yakaja mekundu kutoka sokoni, yakaingia, yakazunguka kwenye matete, yakakaa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeamka mapema kuliko kuku. Shimo halina maji! Udongo umelowa tu, na magimbi yamesimama safi kama wanafunzi siku ya ukaguzi. Mwalimu alikuwa ameshafika. Fimbo yake ilisoma sifuri. Akanionyesha.

Atupokile ameleta maji ya chemchemi. Nimeona mpaka chini ya ndoo. Happyness amekunywa vikombe viwili na kuomba kande. Nimekaa mlangoni nikamwangalia anavyokula. Nikamwambia Atupokile kwamba kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Akasema tuone.

Jumamosi, 30 Machi

Mwalimu amenipa kazi ya kudumu, bila cheo. Kila asubuhi niokote konokono, maana wanatafuna machipukizi ya magimbi. Niwaue. Leo nimeokota ndoo nzima. Wakubwa, wanene, wenye afya.

Nilikuwa njiani kuwatupa nikakutana na Zebedayo. Akaniambia kitu ambacho mtu hatakiwi kuambiwa asubuhi namna hii. Kasikia kwamba Ulaya kuna watu wanakula konokono. Hotelini! Kwa uma! Wanaagiza!

Nimeketi chini kufikiri, kwa utulivu, kama mtu aliyekomaa. Kosa langu la mwanzo lilikuwa dogo tu, nalo nimeshaligundua: samaki wanahitaji maji. Konokono hawahitaji. Hawaruki, hawana kelele, na bata wanne nimewajaribu, wamewanusa wakaondoka. Wanachohitaji ni majani mabichi na mahali palipotulia.

Wiki iliyopita Atupokile amehamishia miche ya kabichi shambani Ikuti, mia tatu, imeshika vizuri. Amezungushia uzio. Hakuna anayeingia.

Nimekwenda alasiri akiwa sokoni. Nimewaweka mmoja kwa kila kabichi, na waliobaki wawili wawili. Sitamwambia sasa. Nataka akifika Jumatatu aone mwenyewe.